Kilichosemwa na Mikono ya Ghanima

Kiziwi aliye darasani hawezi kuandika. Si kwa kutojua. Mwalimu anasema, mkalimani anageuza maneno kuwa mikono, na kiziwi lazima amtazame mkalimani muda wote. Akiinamia daftari dakika moja, dakika hiyo imempotea. Ndiyo maana chuo kilitafuta mtu wa kumwandikia Ghanima, na ndiyo maana mimi, Adélaïde, niliyeishia sekondari, nilikaa miaka minne katika madarasa ya chuo cha ualimu hapa Bujumbura.

Kabla ya hapo nilikuwa nikipiga chapa barua za watu katika kibanda cha fotokopi mtaa wa Asiatique: maombi ya kazi, hati za viwanja, risala za harusi. Nimerudi hapo sasa. Duka la baba yake Ghanima liko ng'ambo ya barabara. Mzee Nasor anauza vitambaa kama baba yake na babu yake walivyouza, na wakati huo binti yake ndiye aliyekuwa akikata, kwa mkasi mrefu, bila kupima mara mbili. Masikio yalimpotea akiwa na miaka minne, kwa homa ya uti wa mgongo. Wateja walimwita bubu mbele ya uso wake. Aliona midomo yao, akajua, na bado aliwakatia kwa unyoofu uleule aliowakatia wengine.

Chuo kilipotangaza nafasi za mwaka huo kwa wanafunzi viziwi, yeye alikuwa na miaka thelathini na moja, na shule aliiacha zamani. Alivuka barabara mwenyewe, akaniwekea karatasi mezani. Alikuwa ameandika kwa kalamu: "Nipigie chapa maombi. Usiandike kwamba naomba huruma."

Nikapiga chapa. Mwisho wa barua niliweka maneno tunayoweka siku zote, kwamba mwombaji kwa unyenyekevu mkubwa anasubiri uamuzi wenu mwema. Ghanima aliisoma barua, akatoa mfukoni chaki ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari juu ya "unyenyekevu mkubwa". Nikaipiga upya. Alipokubaliwa alinitafuta, maana alikuwa ameona kwamba maandishi yangu yanasomeka.

Chuoni palikuwa na Ofisi ya Wanafunzi Viziwi, na ofisi hiyo ilikuwa mtu mmoja, Monsieur Révérien. Alijifunza lugha ya alama kwa mdogo wake wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyebisha hodi kwa wakubwa hadi viziwi wakapewa chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha makubwa, na siku za mitihani alisimama mlangoni akimpa kila mmoja chupa ya maji. Walimpenda. Lakini alikuwa mkuu wa ofisi na mkalimani pia, mtu yuleyule. Kiziwi aliyetaka kumlalamikia Révérien kwa dirèkta wa chuo ilibidi lalamiko lake lipite mdomoni mwa Révérien.

"Kinyozi wetu ndiye aliyeshika na kioo," alisema Yahaya kwa mikono, kijana kutoka Kajaga ambaye hakuwa na siku bila utani. "Ukiuliza umependezaje, atakujibu yeye."

Katika chumba kile nilijifunza desturi yao ya taa. Siku yangu ya kwanza taa ilizimika, ikawaka, ikazimika. Nikafunga daftari, nikachukua mkoba, nikidhani umeme unakatika kama kawaida yake. Chumba kizima kikacheka. Yahaya alikuwa amesimama penye swichi. Mwenye neno la kuwaambia wote hawezi kuita wala kupiga kofi, kwa hiyo anachezesha taa. Kila aliyemo anaacha alichokuwa akisema na kutazama. Hakuna mkubwa juu ya swichi. Hata mgeni anaruhusiwa.

Jina langu pia nililipata humo, katika mwaka wa pili. Kwao hujichagulii jina; wanakutazama kwa muda mrefu, kisha wanakupa. Langu ni kidole kimoja kinachopita juu ya sikio, mahali ninapochomeka kalamu. La Ghanima ni vidole viwili vinavyofunguka na kufunga, kama mkasi, karibu na jicho.

Ili nijifunze alama zao nilichora mstari katikati ya kila ukurasa. Safu ya kulia niliandika yaliyosemwa kwa mdomo, safu ya kushoto yaliyosemwa kwa mikono. Ghanima alipouliza swali, mikono yake ilikwenda kushoto na sauti ya Révérien ikaenda kulia. Mara nyingi safu hizo mbili hazikulingana. Nilijilaumu mimi, nikifikiri nimesoma vibaya, na jioni nilimwuliza Yahaya maana ya alama hii na ile.

Mwaka wa tatu sikujilaumu tena. Nina ukurasa wa siku moja ya mwezi wa pili. Kushoto: "Ulichosema leo kinapingana na ulichosema Jumanne. Kipi ni kweli?" Kulia: "Anauliza kama unaweza kurudia, tafadhali." Mwalimu akarudia, polepole, akitabasamu kama anayemwambia mtoto. Ghanima alimtazama akirudia yaleyale, na nikaona akikata tamaa juu ya mwalimu yule. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kujua kwamba ameulizwa swali zuri. Nilitia tarehe, nikafungua ukurasa mwingine.

Mwaka wa nne, muda wa Révérien katika ofisi ulikuwa unakwisha, na Baraza la chuo lilipaswa kumteua mkuu kwa miaka mitatu mingine. Wanafunzi viziwi walikuwa kumi na wanne. Waliandika barua na wote wakatia sahihi: mkuu wa ofisi awe kiziwi, na achaguliwe na viziwi wenyewe. Walimtaja Ghanima.

Alilitaka jambo lile kwa namna ambayo sijaona mtu akitaka kitu. Hakuwa msemaji sana. Lakini tulipokuwa tukitoka maktaba siku moja, alisimama ngazini, akaweka vitabu chini ili mikono iwe huru.

"Tangu utoto naelezwa kilichoamuliwa," alisema. "Nyumbani watu wanabishana, wanacheka, wanalia, na mimi nauliza kuna nini. Wananiambia, tutakueleza baadaye. Halafu wananieleza kwa maneno matatu. Nataka kuwepo mara moja tu jambo linapoamuliwa. Si baadaye. Palepale."

Kisha akaokota vitabu vyake.

Kikao cha Baraza kilifanyika Jumatano asubuhi, katika ukumbi wa chini. Dirèkta Honoré aliketi kichwani mwa meza na wajumbe wanane pembeni. Viziwi walipewa benchi la ukutani. Wajumbe walizungumza Kifaransa, naandika hapa kwa Kiswahili. Mkalimani alikuwa Révérien, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Ghanima alisimama. Kushoto niliandika: "Sisi si wagonjwa, na ofisi hii si zahanati. Tunataka kumchagua mkuu wetu, na kila miaka mitatu tumpime sisi. Kama hamtaki, tuambieni hapa kwamba hamtaki, na sababu."

Kulia niliandika: "Analishukuru Baraza kwa yote mliyowafanyia. Anaomba viziwi washirikishwe zaidi katika mambo ya ofisi yao."

Dirèkta Honoré alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Vizuri sana! Bila shaka tutawashirikisha. Mwambie tumekubali."

Révérien akageuza kwa mikono: wamekubali. Wajumbe wakamwitikia Ghanima kwa vichwa. Benchi zima likainua mikono juu, vidole vikitetemeka, kama wanavyoshangilia wao. Ghanima hakuinua yake. Aliikunja kifuani akafumba macho, jambo ambalo kiziwi halifanyi ovyo mbele ya watu.

Ukurasa wangu ulikuwa bado haujakauka. Nikachomeka kalamu juu ya sikio.

Mchana huo Mzee Nasor alitandika mkeka nyuma ya duka, akaleta halwa na birika la kahawa.

"Adélaïde, mbona unasimama kama askari? Ikala!" alisema. "Mi nilifikiri nitakufa sijaona hii. Mutoto yangu chef wa biro, mukubwa wa ofisi! Alhamdulillah. Ile siku daktari alisema masikio imekwisha, mama yake alilia mwezi muzima. Angekuwa hai leo ningemwambia, we mama, ulilia bure."

Ghanima alikuwa akimweleza Yahaya atakavyopanga meza katika chumba kile, ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Alichora kwa chaki ya vitambaa juu ya sakafu. Aliniuliza kama ningependa yangu iwe karibu na dirisha.

Nilimpa daftari.

Alisoma safu ya kushoto akichekacheka, maana aliyaona maneno yake mwenyewe. Kisha akasoma ya kulia. Kidole chake kikarudi kushoto, kikaenda kulia, polepole, kama anayetafuta uzi uliochomoka. Mzee Nasor aliona uso wa binti yake akaweka kikombe chini.

"Kuna nini?" aliuliza. "Ni nani amekufa?"

Ghanima alifunua kurasa za nyuma: wiki iliyopita, mwezi uliopita, mwaka uliopita.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu mwaka wa tatu."

"Ukaandika tu."

"Mwandishi hasemi kikaoni," nilimjibu kwa mikono. "Na kama ningesema, ningekuwa nimesema badala yako. Kama yeye."

Aliinuka, akaenda ukutani, akazima taa ya duka. Akaiwasha. Akaizima, akaiwasha. Wateja wawili waliokuwa mbele wakatazama dari.

"Hee, umeme tena?" akasema mmoja.

"Miaka minne umekaa nasi," Ghanima aliniambia kutoka pale penye swichi. "Hili hulijui? Halihitaji neno hata moja."

Nililijua. Ukumbini swichi ilikuwa hatua tatu kutoka kiti changu. Nimepima baadaye.

Aliondoka na daftari. Kwa siku tisa nilimwona ng'ambo ya barabara akikata vitambaa, na hakuinua macho. Kumwita singeweza. Kama kiziwi hataki kuongea nawe hana haja ya kukufokea wala kukufungia mlango. Anatazama kwingine, basi.

Siku ya kumi aliyekuja kibandani ni Révérien. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyozoea kumwona, au ni mwanga wa pale.

"Dada Adélaïde," alisema, "kumbe ulikuwa unanipeleleza?"

"Nilikuwa najifunza alama, Monsieur."

"Amenionyesha daftari. Kurasa zote." Akaketi kwenye stuli ya wateja. "Apana, sikiliza. We unaijua ile baraza. Yale maneno yangeingia mbichi vile, wangefunga ofisi siku ileile. Miaka kumi na miwili mi nalainisha. Wanarusha jiwe, mi nafika nalo kama mkate. Ndiyo maana wana chumba. Ndiyo maana wana madirisha."

"Ni kweli," nilisema.

"Sasa kosa langu ni nini?"

Nikamkumbuka yule mwalimu wa mwezi wa pili.

"Waliorushiwa hawajui kwamba lilikuwa jiwe," nikasema. "Waliorusha wanafikiri lilifika."

Pikipiki zilipita nje. Kisha akatoa karatasi mfukoni, ukurasa wa Jumatano, ambao Ghanima alikuwa amemwachia akae nao. Akaniomba nimtolee nakala. Nikamtolea. Akaikunja mara nne.

"Mwambie nitawatafsiria tena, kama ananitaka," alisema. "Mwambie sitaahidi kitu. Mdomo umezoea."

Hivyo ndivyo nilivyopata sababu ya kuvuka barabara. Ghanima alinisikiliza kwa macho, na mkasi haukuacha kwenda. Alipomaliza kipande alichokuwa nacho, aliuweka chini.

"Kabla kikao kipya hakijaanza, wanasoma kumbukumbu za kikao kilichopita na kuuliza kama zina makosa," alisema. "Zina makosa. Nitasimama hapo. Wewe utakaa penye swichi. Mikono na mdomo vikiachana, zima. Usiseme neno."

Kikao kilichofuata kilikuwa baada ya wiki tatu, saa tisa mchana, mvua ikinyesha hivyo ukumbi ulihitaji taa. Nilihamisha kiti changu hadi ukutani. Hakuna aliyeuliza, mwandishi ni kama fanicha. Karani akasoma kumbukumbu. Dirèkta Honoré akauliza kama kuna marekebisho, na alikuwa ameshageuza karatasi Ghanima aliposimama.

"Kumbukumbu hizi si maneno yangu," ilisema mikono yake.

"Anasema angependa kuongeza kidogo," alisema Révérien.

Nikazima taa. Nikaiwasha.

"Huu umeme utatumaliza," alisema dirèkta, na mjumbe mmoja akaanza habari ya jenereta.

Ghanima alikuwa amegeuka kumtazama Révérien. Benchi zima lilikuwa likimtazama. Révérien alinitazama mimi, kisha mkono wangu, na nadhani sitausahau uso wake. Akajikohoza.

"Si umeme, Monsieur le Directeur," alisema. "Ni wao. Mkalimani amekosea. Mkalimani ni mimi. Alichosema ni kwamba kumbukumbu hizi si maneno yake."

Kimya kiliingia, na kwa mara ya kwanza kilikuwa cha wote waliokuwa ukumbini.

Ghanima akaanza upya. Si wagonjwa. Si zahanati. Kuchagua, kupima, sisi. Révérien alifika katikati akasema "wangependa", nikazima. Akarudi akasema "wanataka". Mara ya tatu aliniangalia kabla sijagusa swichi, akajisahihisha mwenyewe. Jasho lilikuwa likimtoka. Ghanima alipoeleza kwamba asiyefaa kuwa mkuu ni mtu anayeshika mdomo wao pia, hata awe mwema namna gani, Révérien alitafsiri neno kwa neno, na pale kwenye "hata awe mwema" alirudia mara mbili.

"Huyu bibi anatutishia?" aliuliza dirèkta.

"Hapana," alijibu Ghanima. "Nawaambia. Hamjazoea."

Mjumbe mwanamke aliyekuwa mwisho wa meza akacheka, si kwa kejeli, akainamisha kichwa kuficha. Walibishana saa nzima. Wawili walisema viziwi hawana uzoefu. Mmoja alisema mwakani wataomba chuo kizima. Yote yalifika kwenye benchi, mabaya na mazuri, na Ghanima aliyatazama yakija bila kupepesa. Alikuwepo. Mwishowe Baraza likakubali kwa mwaka mmoja wa majaribio, kura tano kwa nne, na walipopiga hakuna aliyehitaji kuelezwa baadaye.

Viziwi walimchagua Ghanima Ijumaa iliyofuata. Révérien walimchagua pia kuwa mkalimani, tisa kwa watano, kwa mwaka huo tu.

Mwezi mmoja baadaye Ghanima alivuka barabara na karatasi, akaniwekea mezani kama mara ile ya kwanza. Zilikuwa kanuni za ofisi. Nikaanza kupiga chapa. Kanuni ya kwanza, mkuu ni kiziwi. Ya pili, mkuu si mkalimani. Ya tano ilisema kwamba wakalimani na waandishi wanachaguliwa na wanafunzi kila mwaka, na hakuna atakayekaa zaidi ya miaka mitatu mfululizo, ili asiwepo mtu ambaye bila yeye hawawezi.

Mimi nilikuwa nimekaa minne.

Niliipiga kama ilivyoandikwa. Sikulainisha hata herufi. Ghanima alisoma akiwa amesimama, chaki mkononi, na hakupata pa kupiga mstari.

"Ya tano umeielewa?" aliuliza.

"Nimeielewa."

"Unaweza kuniomba niibadilishe."

"Siwezi," nilisema.

Alibaki pale. Wateja walikuwa wawili nyuma yake na mmoja alikuwa akilalamika kwa sauti. Yeye hakujua, na mimi sikumwambia. Kisha akapitisha kidole juu ya sikio, jina langu, mara moja, akachukua karatasi zake akavuka barabara. Dukani sasa anaonekana Jumamosi tu.

Anayeandika siku hizi anaitwa Kelly, kijana wa Ruziba aliyemaliza chuo, na dada yake ni kiziwi. Anaandika kwa kompyuta. Alikuja kuniuliza mstari wa katikati nilikuwa nauchora vipi, nikamwonyesha. Ni mtu mzuri. Madaftari yangu kumi na moja ninayo nyumbani, yamefungwa kwa ukanda wa kitambaa.

Jioni nikifunga kibanda huwa napitia njia ya chuo, ingawa inanizungusha. Mvua zikianza, giza linaingia mapema, na dirisha la ghorofa ya pili linaonekana vizuri kutoka barabarani. Mara nyingine taa inazimika, inawaka, inazimika. Wapita njia wanatazama juu wakilaani umeme. Mimi nasimama. Najua kuna mtu humo ana neno, na wote wameacha walichokuwa wakisema ili wamtazame.

Jina walilonipa halina sauti. Mtu hawezi kukuita kwalo ukiwa umempa mgongo. Kwa hiyo nikipita pale napita polepole, upande wa madirisha, uso nimeuelekeza juu.